Siku Moja Ufukweni Weston: Mafunzo Niliyopata

Tulikuwa kundi la wanafunzi mjini Bristol, Uingereza: mimi wa Tanga, wenzangu wa Mbeya, Kisumu, Kampala na Bukavu. Kiangazi kilipofika tukakubaliana kwenda kushinda Weston-super-Mare, mji wa ufukweni ambao treni ya kutoka Bristol hufika kwa chini ya saa moja. Siku ile ilinifundisha kwamba anayeiendea bahari ngeni anahitaji mambo mawili: elimu aliyotoka nayo kwao na taarifa za pale alipo. Moja bila jingine halitoshi.

1. Tazama mwezi kabla ya kutazama mvua

Wenzangu walikwisha kuchagua Jumamosi ambayo simu zao ziliahidi jua. Nikaona kwamba siku hiyo inaangukia mwezi mpevu, na kwa mtoto wa pwani hilo ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Kilichobaki ni kujua saa. Ratiba ya maji ya Weston ilionyesha kuwa siku za bamvua maji hujaa asubuhi, kwenye saa moja au saa mbili, yakajaa tena jioni nyakati kama hizo. Katikati, saa saba au saa nane mchana, yamekupwa kabisa. Kwa hiyo mtu wa safari ya kutwa anayefika adhuhuri hukuta bahari imehama.

Kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi, na baada ya wiki moja mambo hugeuka: ni maji mafu, na kujaa kunaangukia mchana. Tukaahirisha kwa wiki moja. Jua tuliliona kwa vipindi, ila bahari tuliikuta mahali pake.

2. Maji yakijaa hupwa, lakini uliza hupwa kiasi gani

Kwetu Tanga, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kama mita 3 au 4. Weston inaweza kufikia mita 12 na zaidi. Mlango wa Bristol, mkono wa bahari ambako Weston ipo, unahesabiwa miongoni mwa sehemu zenye tofauti kubwa kabisa duniani, pamoja na Ghuba ya Fundy kule Kanada. Sababu ni umbo lake: upande wa Atlantiki ni mpana na wenye kina, kisha unabanwa na kupungua kina kadiri unavyoelekea Mto Severn. Maji yanayosukumwa humo hukosa nafasi ya kutandaa, yakapanda juu. Yanapoondoka huondoka kwa kiasi kilekile, hata ukingo wa bahari ukawa zaidi ya kilomita moja kutoka barabara ya ufukweni.

3. Usiyafuate maji yaliyokupwa

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapoweza kuua. Kwetu maji yakitoka, watu hushuka: huyu na mkuki wa pweza, yule anaokota chaza, na Unguja wakulima wa mwani huenda mashambani mwao. Miguu ya mtu wa pwani hujiendea yenyewe. Weston mchanga mzuri uko juu tu, karibu na mji. Mbele yake ni tope laini lililoletwa na mito, linalong'aa kana kwamba ni sakafu iliyopigwa deki. Ukilikanyaga unazama hadi magotini, ukijitikisa unazidi kushuka, na maji yako njiani yanarudi. Karibu na hapo, Burnham-on-Sea, kuna kikosi cha uokoaji chenye hovakrafti, kwa kuwa huwezi kuwafikia walionasa topeni kwa gari wala kwa mashua ya kawaida.

Vibao vya hatari vipo, viamini. Mtu akinasa, atulie, aegemee nyuma ili uzito wake utandae, na aliye nchi kavu apige 999 aombe walinzi wa pwani. Anayetaka kuoga wakati maji yametoka aende kwenye bwawa la ufukweni, ambalo ukuta wake huyazuia maji ya bahari yasiondoke yote.

4. Baridi ya maji haina undugu na joto la hewa

Unaweza kuwa unatokwa jasho mchangani, na maji yakawa hayafiki nyuzi 20 hata Agosti. Sisi tuliozoea bahari ya nyuzi 25 hadi 30 mwili hushtuka: pumzi inakatika, moyo unakwenda mbio. Ingia taratibu, jimwagie kifuani na shingoni, usirukie. Ukishtuka majini, lala chali uelee hadi pumzi irudi ndipo uogelee. Ndivyo wanavyofundisha RNLI, shirika la hisani la uokoaji baharini lililoanzishwa mwaka 1824. Na kwenye fukwe zenye waokoaji, oga katikati ya bendera mbili za rangi nyekundu na njano.

Rafiki yetu wa Kampala hajui kuogelea na alisema wazi tangu kwenye treni. Tukampa maji ya magotini na mtu wa kukaa naye. Kukiri vile mapema kulitupunguzia wasiwasi sote.

5. Beba chakula, na ukilinde

Tulibeba sambusa, pilau kwenye bakuli la kutunza joto, chai ya tangawizi kwenye chupa na kanga za kukalia. Samaki na chipsi tulinunua vilevile, maana kwenda ufukwe wa Kiingereza bila kuvila ni kama hukwenda. Wenyeji humwagia siki. Sisi tulikuja na ndimu na pilipili. Shakwe wa pale ni wakubwa na hawana haya: mmoja alimnyang'anya rafiki wa Bukavu kipande cha samaki mkononi. Mnapokula, mgongo uwe ukutani.

Baada ya kula tulitembea hadi Grand Pier, gati la starehe lililofunguliwa mwaka 1904, jumba lake likaungua 2008, likafunguliwa upya 2010. Pia wapo punda wa kupandwa na watoto. Mimi niliyewaona wa Lamu wakibeba mawe ya ujenzi niliona hawa wamepata kazi ya ofisini.

6. Pesa zijadiliwe kabla ya safari

Kwenye treni za huko, watu 3 hadi 9 wakisafiri pamoja nje ya saa za msongamano wanaweza kupunguziwa theluthi ya nauli. Lakini punguzo hilo hutaka mtu mmoja anunue kwa niaba ya wote, na hapo ndipo urafiki hujaribiwa. Kwetu kumdai mwenzio nauli ni aibu. Ugenini, kwa mwanafunzi anayehesabu senti, kutodai ni njaa. Mwenzetu wa Mbeya alikusanya michango siku mbili kabla, akanunua tiketi, akatangaza salio hadharani tukiwa kituoni. Hakuna aliyenuna.

Tangu hapo kundi letu lina sheria mbili: mtu wa pwani achague siku, mtu wa bara ashike pesa.