Bomba Linalovuja: Maji Yanatoka, Nini Kinaingia?

Kijana mwenzetu, leo tuanze na swali. Bomba la mtaani kwenu limepasuka na maji yanaruka nje. Hilo kila mtu analiona, hata mtoto. Sasa zamu ya mgao inakwisha, maji yanakatika. Je, lile tundu linafanya kazi gani?

Wengi tukiwauliza kwenye vikundi hujibu, "Halifanyi kitu, si maji yameshakatika!" Kumbe hapo ndipo hatari inapoanza, na ndiyo maana somo la bomba limekuja kwenye gazeti la afya.

Maji yanapokuja, husukumwa ndani ya bomba kwa nguvu, yaani presha. Maadamu presha ipo, maji yanatoka kwa kasi tunduni na uchafu wa nje hauwezi kupenya. Yakikatika, yale yaliyobaki bombani huteremka kuelekea sehemu za bondeni, na yakiteremka huvuta kitu nyuma yake ili kujaza nafasi. Ukitaka kuliona hili, chukua mrija wa soda, utoboe katikati kwa pini, kisha unywe. Utasikia hewa inaingia kwa pembeni kupitia tundu lile. Sasa fikiria tundu hilo halipo hewani bali limezama kwenye tope. Litavuta nini kama si tope?

Na tope la mitaa yetu unalijua. Mabomba mengi yamepita kando ya mifereji, mengine yamepita ndani ya mfereji wenyewe. Hatua chache kutoka hapo kuna choo cha shimo. Mvua kubwa ikinyesha, wapo majirani wanaotapisha vyoo vyao usiku, eti mvua itabeba. Mvua inabeba kweli, inapeleka mpaka kwenye lile shimo la bomba lililopasuka.

Kuna na wale wenye pampu. Mtu anafunga pampu ya umeme moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili ajaze tanki lake upesi. Pampu hiyo inanyonya bomba zima, na kila ufa ulioko njiani unanyonya pamoja nayo. Kwa hiyo anajiletea uchafu kwenye tanki lake mwenyewe, halafu na sisi majirani tunagawiwa.

MAJI YA BOMBA SI LAZIMA YAWE SALAMA

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kisha kikasambaa mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar. Vimelea vyake hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kuingia mdomoni mwa mtu mwingine, mara nyingi kwa njia ya maji au chakula. Homa ya matumbo nayo hupita njia hiyo hiyo, na kuhara damu vilevile. Si kila bomba lililopasuka litaleta ugonjwa, hatutaki kukutisha bure. Lakini bomba lililopasuka pamoja na mgao wa maji na choo kilicho karibu, hivyo vitatu vikikutana, usiyaamini maji hayo kwa sababu tu yana jina la "maji ya bomba".

Picha unayoijua: bomba kubwa limepasuka barabarani, shimo limejaa, na watoto wamejipanga na ndoo zao wanachota. Maji ni ya bure, yako karibu, na yanaonekana meupe. Nani atakwenda kununua ndoo kwa pesa? Tunaelewa. Lakini shimo hilo wanaingia watoto na miguu yao, mbwa wanakunywa, na ndoo iliyowekwa chini uwanjani ndiyo inayozamishwa. Kama huna budi kuchota hapo, yawe maji ya kufua na ya kudekia. Ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea vyombo na matunda, hapana.

UTAJUAJE KAMA BOMBA LA NYUMBANI LIMEPASUKA?

Likipasuka sebuleni huhitaji somo. Gumu ni lile lililofukiwa ardhini au ukutani. Angalia ukuta unaotoa unyevu au rangi inayobanduka wakati wa kiangazi, hasa usawa wa bafu na jiko. Angalia uwanja: majani yamekauka kote isipokuwa mstari mmoja ulio kijani kibichi. Angalia kidimbwi ambacho hakikauki hata wiki mbili bila mvua. Hicho mbu nao wamekwisha kukiona kabla yako. Usiku nyumba ikitulia, weka sikio kwenye bomba usikilize kama kuna mlio wa "sss". Usiku watu wamelala, maji hayatumiki na presha inapanda.

Dalili inayohusu afya yako moja kwa moja ni hii: maji yakirudi baada ya kukatika, yanatoka na rangi ya udongo, au yana harufu ya mtaro. Yakifanya hivyo kila mara yanaporudi, kuna mahali yanavuta.

Kama nyumba ina mita, ushahidi uko pale pale. Wakati maji yanatoka, funga koki zote za ndani na uhakikishe hakuna anayetumia. Andika namba zote za mita, hata zile nyekundu za mwisho. Baada ya saa moja soma tena. Zimesogea? Basi maji yanapotea mahali fulani baada ya mita. Kabla hujaanza kufukua uwanja, chungulia tanki dogo la choo cha kuvuta, maana mara nyingi mwizi ni huyo. Tia humo rangi kidogo ya chakula, subiri nusu saa bila kuvuta; rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa ndani umechakaa.

Usidharau kinachochirizika. Kinga kikombe cha lita 1. Kikijaa kwa dakika moja, ni lita 60 kwa saa, na maji yakitoka mchana na usiku ni lita 1,440. Hizo ni ndoo kubwa 72! Kwenye bili ni karibu uniti moja na nusu kila siku, na kwenye nyumba ya kupanga mnagawana wote, hata yule asiyekuwepo.

LIMEPASUKA, UFANYE NINI?

Likiwa ndani ya nyumba, kimbilia koki kuu. Kwa kawaida iko karibu na mita. Uliza leo iko wapi na ujaribu kama inazunguka, kwa sababu nyingi zimeshika kutu na hazijaguswa tangu nyumba ijengwe. Ukishafunga, fungulia koki iliyo chini kabisa ili maji yaliyobaki yamwagike hapo badala ya kwenye ufa. Umeme ni jambo la kuangalia sana. Kama maji yamefika kwenye swichi, soketi au waya, zima meni swichi. Lakini kama utalazimika kusimama majini ili uifikie, au ukuta wake umelowa, usiiguse. Toa watu nje na mwite fundi umeme au TANESCO.

Likiwa nje, ndani ya shimo lililojaa maji machafu, mambo yanabadilika kidogo na hata mafundi wengine hawalizingatii. Ukifunga koki yote ghafla wakati bomba limezama, maji ya shimo yanaingia bombani. Kwanza punguza maji, yaache yatoke taratibu. Chimba shimo liende chini kuliko bomba, chota maji mpaka bomba lionekane lote likiwa juu, ndipo ufunge kabisa na kukata. Fundi afute ncha za bomba na kiungo kipya kwa kitambaa chenye maji ya klorini kabla ya kuunga. Atakuona msumbufu. Mwambie kwa heshima, "Fundi, humu tunakunywa."

Yale mambo ya kufunga nailoni na kamba tuyaache. Utepe wa tyubu ya baiskeli uliovutwa sana na kukazwa kwa waya unaweza kushikilia ufa mdogo usiku mmoja au siku mbili mpaka fundi apatikane. Ukiuacha miezi utalegea, na panapotoka tone ndipo penye kuingia uchafu.

Bomba likishaungwa, fungulia maji yamwagike mpaka yawe meupe kabisa. Siku za mwanzo ya kunywa yachemshe: yakishatokota, yaache yaendelee kwa dakika 1 au zaidi. Au tia dawa ya maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi na usubiri dakika 30. Yakiwa na tope, yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza, kwani tope linamaliza nguvu ya dawa.

NANI ATASEMA?

Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Kwa kawaida bomba lililo kabla ya mita ni la mamlaka ya maji, na lililo baada ya mita ni la mwenye nyumba. Kwa Dar es Salaam mamlaka ni DAWASA, Zanzibar ni ZAWA, Mwanza ni MWAUWASA. Namba ya simu iko kwenye bili. Kupiga simu hakuhitaji uwe mzee. Taja mtaa, kitu kinachojulikana kilicho karibu, bomba limepasuka tangu lini, na kama lipo ndani ya mtaro. Neno "mtaro" lisisahaulike. Andika tarehe uliyopiga, usipoona mtu baada ya siku mbili upige tena, na umjulishe mjumbe au mwenyekiti wa mtaa.

Mwenye nyumba ni kazi nyingine. Ukimwendea na "Mama, bomba lako bovu," umeshaharibu. Jaribu hivi: "Shikamoo mama. Samahani, nimesoma mita jana usiku koki zote zikiwa zimefungwa, imesogea. Naona tunalipa maji yanayokwenda ardhini, na watoto wa uani wameanza kuharisha." Una namba mkononi, na namba hazina utovu wa adabu.

Kama kuna anayeharisha tayari, usingoje fundi. Mpe maji ya ORS. Ukikosa pakiti, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kufuta. Akiharisha maji matupu kama ya kuoshea mchele, au akitapika na macho kuingia ndani, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo huku akiendelea kunywa njiani. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache.

ZOEZI LA KIKUNDI

Wiki hii gawaneni mtaa. Kila wawili wafuate bomba kutoka barabarani mpaka nyumba kumi, wachore kwenye karatasi bomba linapopita, mtaro unapopita na vyoo vilipo. Wekeni alama ya X kila linapovuja. Kisha tafuteni X iliyo karibu zaidi na choo, na muanze kupiga simu kwa hiyo.