Uvimbe Maji wa Ovari na Saratani: Lini Tungoje, Lini Tuhofu

Mwanamke wa Iyunga akiambiwa ana uvimbe kwenye ovari huweza kudhani ni saratani. Kwa anayepata hedhi bado, uvimbe wenye ukuta mwembamba na maji matupu, usiozidi sentimita 5, kwa kawaida hunywea wenyewe ndani ya mizunguko michache. Hofu yangu huanza altrasaundi inapoonesha sehemu ngumu ndani ya uvimbe, au maji tumboni, hasa baada ya hedhi kukoma. Kipimo cha damu cha CA-125 hakitoshi peke yake: hupanda hata wakati wa hedhi, na kwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho huiga saratani hii kiasi cha kumdanganya mpasuaji mzoefu. Mama aliyevuka miaka 50, ambaye tumbo lake hujaa na kushiba upesi kwa majuma kadhaa, apimwe altrasaundi ya nyonga kabla ya kuongezewa dawa za vidonda vya tumbo.