Dondoo Muhimu: Kadi ya Benki na Kamari ya Mtandaoni
Ukiona katika taarifa ya akaunti yako jina la duka la viatu usilolijua, ilhali usiku wa malipo hayo hukununua kitu ila ulicheza kamari mtandaoni, fahamu kwamba baadhi ya mawakala wa malipo huisitiri kamari, ambayo msimbo wake katika mitandao ya kadi ni 7995, chini ya jina la biashara nyingine. Izuie kadi kwanza. Kisha uiandikie benki bila taksiri, kwani muhula wa kupinga malipo ya Visa na Mastercard kwa kawaida ni siku 120, ukiambatisha risiti na kila barua uliyompelekea mwenye tovuti. Lakini usidai kwamba hukucheza ilhali ulicheza ukaliwa: huo ni ulaghai, na benki, maskini, haina dawa ya majuto.