Hatua ya Pili ya Kuingia kwenye Akaunti: Ipi Iliyo Salama Zaidi?

Tuchukue mfano wa mkusanyaji wa parachichi wa Njombe anayewasiliana na wanunuzi kwa barua pepe. Akaunti yake ina ulinzi wa hatua mbili: neno la siri, kisha namba ya uthibitisho inayofika kwa ujumbe mfupi. Siku moja, akiwa Makambako akisimamia upakiaji wa mzigo, anapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu: "Tumekutumia namba kimakosa, tafadhali tusomee." Anaisoma. Kabla lori halijaondoka, wanunuzi wamekwisha kuandikiwa kwa jina lake kwamba malipo yapelekwe kwenye akaunti nyingine ya benki.

Neno lake la siri lilikwisha kujulikana, kwa kuwa alilitumia katika tovuti nyingi. Kinga iliyosalia ni ile namba, naye aliitoa kwa kinywa chake.

Namba ya ujumbe mfupi ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, yeyote atakayesomewa anaweza kuitumia. Pili, huifuata laini wala haimfuati mwenye laini. Tapeli akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine, ujumbe humfikia yeye. Simu ikipoteza mtandao ghafla ilhali wenzako wanao, azima simu yenye laini ya mtandao huohuo, upige 100 mara moja.

Tunashauri njia zifuatazo:

(a) Programu ya uthibitishaji, kama Google Authenticator. Namba huzalishwa ndani ya simu na hubadilika kila sekunde 30. Haitegemei laini, lakini bado usimsomee mtu.

(b) Ufunguo wa kidijitali. Unaingia kwa alama ya kidole, sura au namba ya kufungulia simu. Hakuna namba ya kumsomea tapeli, na ufunguo haufanyi kazi kwenye tovuti bandia. Google, Apple na Microsoft huupokea.

Mwenye simu ndogo asiache ulinzi wa ujumbe mfupi. Ni bora kuliko neno la siri peke yake.

Anza na barua pepe, kwa maana ndiyo inayotumika kubadili maneno ya siri ya akaunti nyingine. Hakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwa kupiga *106#. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.