Ratiba ya Picha kwa Mtoto Mdogo



Mtoto wa miaka mitatu hajui saa. Ukimwambia "tutaenda baadaye," hiyo "baadaye" haimwambii kitu. Akilia twamwita mkaidi, pengine twamchapa. Kumbe hajui tu kinachofuata! Basi, tumwonyeshe kwa picha.

Vifaa: boksi kuukuu, makaa au kalamu, kamba na vibanio vya nguo.

1. Kata kadi sita, kila moja kama kiganja.
2. Chora jambo moja kwa kila kadi: kuamka, kunawa, uji, chekechea, mchezo, kulala.
3. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Kwa hiyo ongeza jua: la asubuhi, la utosini, la magharibi.
4. Zibane kwa mpangilio, usawa wa macho yake.
5. Jambo likiisha, mtoto mwenyewe ageuze kadi.

Siku ya hospitali, weka kadi ya hospitali mapema, naye akiona. Usimdanganye kuwa mwaenda dukani.

Mtoto mwenye usonji, au asiyesema, huenda akafaidika zaidi. Kule North Carolina, Marekani, Eric Schopler na wenzake walianzisha mpango wa TEACCH mwaka 1972, nao hutumia ratiba za picha kama hizi.

Maswali ya kujadili:
(a) Mtoto wako hulilia jambo gani zaidi? Je, alijua linakuja?
(b) Nani kati yetu ajua kuchora, awasaidie wengine?