Kufundisha Vita vya Vietnam katika Darasa la Saba

Mwanachuo anayepewa mada ya vita vya Vietnam wakati wa mazoezi ya kufundisha aghalabu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huujaza ubao tarehe, kutoka 1954 hadi 1975, wanafunzi wakanakili mpaka kengele ikalia. Ama husimulia hadithi ya jitu lililoshindwa na mtoto, darasa likapiga makofi. Njia zote mbili ni nyepesi kwa mwalimu, kwa kuwa hakuna anayeuliza swali. Lakini mwanafunzi hutoka bila kufahamu kwamba watu wa taifa lenye nguvu kuliko yote waligombana wao kwa wao, wazazi na vijana wao, vyuo na serikali, juu ya vita vilivyopiganwa upande wa pili wa dunia. Makala haya yaeleza namna ya kulijenga somo juu ya ugomvi huo, kwa vipindi viwili vya dakika 40.

Kwanza mwalimu hana budi kuwa na historia yenyewe kichwani, ingawa hataisema yote. Vietnam ilikuwa koloni la Ufaransa. Ho Chi Minh alitangaza uhuru mjini Hanoi tarehe 2 Septemba 1945, Wafaransa wakarudi kwa silaha, wakashindwa Dien Bien Phu mwezi Mei 1954. Mapatano ya Geneva ya mwaka huo yaliigawa nchi kwa muda katika latitudo ya 17, na uchaguzi wa kuiunganisha ukapangwa kufanywa 1956. Haukufanywa. Serikali ya Kusini iliukataa kwa hoja kwamba Kaskazini hapangekuwa na uchaguzi huru, na Marekani, iliyohofia ukomunisti kuenea kutoka nchi moja hadi nyingine, iliiunga mkono. Mwisho wa 1963 washauri wa kijeshi wa Kimarekani walikuwa wapata 16,000. Mwezi Machi 1965 vikosi vya kupigana vilishuka Da Nang, na kufikia Aprili 1969 askari wa Marekani nchini humo walizidi 540,000.

Kisa kimoja katika historia hiyo kisipitwe haraka. Agosti 1964 Rais Johnson aliliambia taifa kwamba manowari za Marekani zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin. Baraza la Wawakilishi likampa idhini ya kutumia nguvu kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na Seneti kwa kura 88 dhidi ya 2. Leo yajulikana kwamba shambulio la pili, lile la tarehe 4 Agosti, halikutokea. Kabla ya kulisema hilo, waulize wanafunzi: wewe ungekuwa mjumbe, ukiwa na habari ile tu, ungepigaje kura? Waache wajibu. Kisha waambie pia kwamba wale wawili waliokataa, Wayne Morse na Ernest Gruening, walivipoteza viti vyao mwaka 1968.

Sasa twaingia katika kiini cha kipindi cha kwanza. Vijana wa Marekani waliandikishwa jeshini kwa lazima, lakini aliyekuwa chuo kikuu aliweza kuahirishiwa. Kwa hiyo mtoto wa maskini alikuwa karibu zaidi na bunduki kuliko mtoto wa tajiri. Malalamiko yalipozidi, serikali iliamua kupiga kura. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1969, mjini Washington, vikopo vidogo 366 vya plastiki, kila kimoja kikiwa na tarehe moja ya mwaka, viliwekwa katika chombo cha kioo, vikatolewa kimoja kimoja mbele ya kamera za televisheni. Cha kwanza kilikuwa na tarehe 14 Septemba. Wanaume waliozaliwa siku hiyo kati ya 1944 na 1950 wakawa namba 1. Mwaka 1970 namba zilizoitwa ziliishia 195. (Mwalimu wa Hisabati atapenda kujua kwamba vikopo havikuchanganywa vizuri, na waliozaliwa Desemba walipata namba za mwanzo kuliko ilivyotarajiwa.)

Kura hiyo yaweza kufanywa darasani kwa kopo la maziwa na vikaratasi. Siku za kuzaliwa zitolewe katika rejesta, maana wapo wanafunzi wanaoujua mwaka tu. Lakini nakuonya kwa kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipolifanya zoezi hili, mvulana aliyetoka wa kwanza alipiga saluti na kwenda mbele kwa mwendo wa gwaride, darasa likamshangilia. Wa pili akamwiga. Nilikuwa nimeandaa mchezo, si somo.

Tangu hapo hufanya hivi. Kabla ya kopo kuonekana, kila mwanafunzi huandika katika daftari mistari mitatu: akifika umri wa miaka 20 atakuwa anafanya nini, wapi, na nani atamtegemea. Tarehe yake ikitoka, husimama, huisoma mistari yake, hulifunga daftari na kwenda kusimama ukutani. Mwalimu hasemi neno. Kufikia wa tano au wa sita hakuna anayecheka. Hapo waulize walioketi na waliosimama: mtafanya nini?

Majibu yao yataukaribia ukweli. Wapo waliokwenda kwa hiari, wakiamini ni wajibu, wapo waliokimbilia Kanada, wapo waliofungwa. Muhammad Ali, ambaye Afrika yamkumbuka kwa pambano la Kinshasa la 1974, alikataa kuandikishwa tarehe 28 Aprili 1967, akanyang'anywa ubingwa na kuhukumiwa miaka mitano. Alikata rufani, na Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo mwaka 1971. Tarehe 4 Mei 1970 askari wa ulinzi wa jimbo la Ohio waliwapiga risasi wanafunzi wa chuo cha Kent State, wanne wakafa. Mwalimu asiwafanye waliokwenda kuwa wajinga wala waliokataa kuwa waoga. Wengi waliorudi walipokewa kwa ubaridi na wenzao, nalo hilo lisemwe.

Katika darasa moja msichana aliyekuwa amesimama ukutani aliuliza: "Mwalimu, na watoto wa Vietnam, kopo lao liko wapi?" Sikuwa na jibu katika andalio langu. Nilikuwa nimefundisha vita vya Vietnam kwa dakika 40 bila Mvietnam mmoja kutajwa baada ya Ho Chi Minh.

Kipindi cha pili kianze na swali lake. Tarehe 16 Machi 1968 askari wa Kimarekani waliwaua wanakijiji mamia wasio na silaha huko My Lai. Kumbukumbu za Vietnam zataja watu 504. Rubani wa helikopta, Hugh Thompson, alitua kati ya askari wenzake na wanakijiji, akawaokoa baadhi. Umma wa Marekani uliipata habari hiyo Novemba 1969, majuma machache kabla ya ile kura. Eleza pia dawa za kuua majani zilizonyunyizwa misituni na mashambani kutoka 1961 hadi 1971. Picha za maiti zisiletwe darasani. Ramani na maneno yatosha.

Kisha andika ubaoni tarakimu mbili. Wamarekani waliokufa ni zaidi ya 58,000, na majina yao yamechongwa katika ukuta uliojengwa Washington mwaka 1982. Kwa upande wa Vietnam, serikali yake ilitangaza mwaka 1995 raia wapatao milioni 2 na wapiganaji wa Kaskazini na wenzao wa Kusini wapatao milioni 1.1, wapo wanaohesabu pungufu, na jeshi la serikali ya Kusini halimo humo. Waulize kwa nini upande mmoja wajulikana jina kwa jina, na mwingine kwa mamilioni tu. Usiharakishe jibu.

Mapatano ya Paris ya Januari 1973 na kuanguka kwa Saigon tarehe 30 Aprili 1975 vyatosha kwa sentensi mbili.

Kwa zoezi la nyumbani, acha maswali ya tarehe. Mimi hutoa hili: ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja amepata namba 10, mwingine 300, andika barua ambayo mmoja anamwandikia mwenzake. Mwanafunzi akikuletea barua ambayo wote wawili wamekwisha kukubaliana, mrudishie daftari na umwombe aandike mama yao alisema nini.