Ziwa Masoko na Boma la Wajerumani: Jinsi ya Kwenda na Kurudi Salama

Sema uko Tukuyu, wilayani Rungwe, na una siku moja tu ya kutembea. Kila utakayemuuliza atakuelekeza Ziwa Ngosi. Ngosi ni zuri, sikatai, lakini linataka miguu: ukingo wake uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia inapanda katikati ya msitu. Kama umeongozana na mzee, una mtoto mdogo au goti linakusumbua, nenda Masoko. Gari linafika karibu na maji, na pembeni kuna boma la Wajerumani. Unapouliza njia taja majina yote mawili, maana wengine wanaliita Masoko na wengine Kisiba.

Kwanza chagua msimu. Rungwe ni wilaya ya mvua nyingi, hasa kuanzia Novemba mpaka Mei. Nenda kati ya Juni na Oktoba ukiweza. Ukilazimika kwenda masika, vaa buti na usahau raba nyeupe.

Nguo nazo zina mtego wake. Asubuhi Tukuyu kuna baridi ya kukufanya ung'ang'anie koti, ila Masoko iko chini sana: ziwa lenyewe liko kwenye mita 840 hivi. Kadiri unavyoshuka, joto linapanda. Vaa fulana nyepesi ndani, sweta juu yake, ukifika uivue. Kofia na maji ya kunywa visikose.

Toka mapema, saa moja au saa mbili asubuhi. Unashika barabara ya kuelekea Ipinda, na mwendo haufiki kilomita 20. Gari za abiria zipo, ila haziondoki mpaka zijae, kwa hiyo ukipanda ya kwanza usishangae kukaa stendi. Ukichukua bodaboda, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda. Lipa nusu, nusu nyingine umpe mkirudi Tukuyu. Ukimlipa yote mwanzo, usije ukamlaumu mtu ukiachwa. Mkiwa wanne, kodini gari dogo. Mkichanga, kila mmoja anatoa kidogo na mtoto hachoki.

Toa pesa kwa wakala Tukuyu mjini, tena uombe noti ndogondogo. Kijijini chenji ni kazi.

Ukifika, anza na watu, picha baadaye. Wazee wape shikamoo yao, kisha ongeza "mwagonile". Ukisaidiwa, sema "ndaga fijo". Hayo maneno machache ya Kinyakyusa yanafungua mazungumzo haraka kuliko simu yoyote ya bei mbaya. Pita ofisi ya kijiji, jitambulishe, uliza kama kuna kiingilio. Kama kipo, lipa na uombe risiti. Kijana akijitolea kukutembeza, mkubali, ila mpatane malipo palepale.

Sasa boma. Wengi wanapiga picha moja na kuondoka, na hapo ndipo wanapopoteza safari. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Masoko ilikuwa kituo cha Kompania ya Tano ya jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Makao ya utawala yalikuwa Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu-Langenburg. Askari wa upande huu ndio walioingia kwenye mapigano ya Karonga, ng'ambo ya mpaka, Septemba 1914. Mei 1916 majeshi ya Uingereza ya Jenerali Northey yakaja kutoka Nyasaland na Rhodesia, Wajerumani wakaiacha Neu-Langenburg. Baadaye jengo la Masoko likatumika kama mahakama.

Kwa hiyo lizunguke lote kwa nje kabla hujaomba kuingia. Kisha lipe mgongo, utazame ziwa. Fikiria nani alikuwa anabeba mawe, maji na mizigo ya wapagazi mahali hapa. Mtafute mzee wa pale umuulize yaliyosimuliwa nyumbani kwao. Mabango hayatakwambia hayo. Ukikuta watu kazini ndani ya jengo, usiinue kamera bila ruhusa.

Ziwa nalo usilichukulie poa kwa sababu ni dogo. Upana wake ni kama mita 700, lakini kina kinapita mita 30. Ni kasoko ya volkano: maji ya ardhini yalikutana na uji wa moto, pakalipuka, shimo likabaki na kujaa. Shimo la namna hiyo halina ufukwe wa kuteremka taratibu. Hatua chache tu kutoka ukingoni, chini hakuna pa kukanyaga. Usiogelee. Mtoto mshike mkono, usimwachie mwenzake wa miaka minane amwangalie. Kama mnataka kuogelea, endeleeni na barabara hiyohiyo mpaka Matema, kwenye Ziwa Nyasa, mkalale huko.

Jambo moja la kumwambia mwanafunzi uliyefuatana naye: watafiti walitoboa tope la chini ya ziwa hili, wakapata kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka zaidi ya 40,000. Vipindi vya mvua na vya ukame viliacha alama zake mle. Atalitazama lile tope kwa jicho jingine.

Halafu kuna habari za hazina. Utaambiwa Wajerumani walitupa mali ziwani walipokimbia: dhahabu, silaha, hata magari. Sikiliza, ni hadithi tamu. Lakini usitoe shilingi yako kwa mtu anayejua "mahali hasa".

Sarafu za zamani huokotwa ukingoni, hiyo ni kweli, na unaweza kuuziwa moja. Igeuze mkononi kabla ya kusema lolote. Heller ya shaba, sarafu ya enzi za Wajerumani, ina taji na maandishi "Deutsch Ostafrika". Thamani iko upande wa pili, ndani ya duara la majani. Ile ya heller 10 ina tundu katikati. Ya heller 20 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 ina taji na herufi D.O.A. Heller 100 zilikuwa rupia moja, na zile ndogo zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo anayekutajia bei ya ng'ombe anakupima akili. Ukiokota mwenyewe, ipige picha uiache, au uipeleke ofisi ya kijiji. Na usichimbe, hasa karibu na boma.

Chakula usikitegemee ziwani. Kula Tukuyu kabla hujatoka: ndizi za kupika, maharage, maziwa mgando. Nunua na parachichi mbili tatu za njiani, Rungwe ndiyo nyumbani kwake. Maganda na chupa rudi navyo.

Usipange Masoko na Ngosi siku moja. Ngosi iko upande wa Mbeya, Masoko upande wa Ipinda. Utaishia kuona barabara tu. Ukibaki na muda, rudi Tukuyu ukapumzike.

Mchana ukishapita, anza kuangalia usafiri wa kurudi. Kama huna gari wala bodaboda inayokusubiri, saa tisa alasiri uwe umeshasimama barabarani.